Tanki la Chekechea

Mvua ikianza kugonga mabati na maji yakateremka kwenye gata kuelekea tankini, mimi huacha kila kitu nikasikiliza. Watoto wangu hunicheka, ati mama anasikiliza mvua kama watu wengine wanavyosikiliza redio. Wacheke tu. Hawakulijua tanki la shule yetu ya msingi kule Ndabibi.

Lilikuwa jeusi, la plastiki, nyuma ya darasa la chekechea, na mfereji wake ulifungwa kwa kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni Mwalimu Nekesa. Maji hayo ya mvua yalikuwa ya chekechea na darasa la kwanza pekee. Sisi wakubwa tulikunywa ya kisima, yenye chumvichumvi, yaleyale yaliyotupaka meno rangi ya chai ya rangi. Tukimuuliza mbona anatubagua, alijibu tu, "Nyinyi mshakua." Haki, tulinuna.

Nikiwa darasa la sita nilichaguliwa kuanzisha wimbo wa kwaya yetu kwenye mashindano ya Naivasha. Nilifurahi, kisha nikakumbuka kwamba watoto wa mjini wataniona meno. Basi kwenye mazoezi nikawa naimba midomo nimeibana, sauti inatokea puani. Mwishowe nilimwendea Mwalimu nikamwambia ukweli.

"Mwalimu, naomba maji ya tanki. Nataka meno meupe kabla ya Ijumaa."

Ilikuwa kiangazi, na tanki ukiligonga lilisikika tupu. Lakini alifungua kufuli, akanijazia kikombe cha bati mpaka juu.

"Kunywa polepole," akasema.

Yalikuwa matamu ajabu. Asubuhi nikakimbilia kioo, nikakuta meno yaleyale. Nililia mpaka chai yangu ikapoa.

Ijumaa ikafika, tukapanda jukwaani, shule nyingine zimetuzunguka pande zote. Mwalimu Nekesa alizaliwa na kulelewa hapohapo kwetu, meno yake kama yetu, na hata akicheka alikuwa akifunika mdomo kwa kiganja. Siku hiyo aliinua mikono yote miwili, akafungua mdomo wazi kabisa, meno yote nje, huku akitutamkia maneno ya wimbo. Mimi nilimwona kichekesho. Nikacheka, midomo ikaachia, nikaanzisha wimbo kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Tulikuwa wa nne, na tuliimba njia nzima kurudi nyumbani.

Nimekuwa mtu mzima ndipo daktari wa meno mjini Nakuru aliponieleza kwamba madini ya maji ya kisima huharibu meno yakiwa bado ndani ya ufizi. Yakishatoka, hakuna maji ya kuyabadilisha. Machozi yalinitoka palepale kwenye kiti, daktari akadhani ameniumiza. Wale wadogo ndio walikuwa bado na meno ya kuokolewa. Yangu yalikuwa yameshakwisha, na Mwalimu alilijua hilo vizuri sana, na bado alinijazia kikombe.