Mtalii wa Kijiji Chake

Kila Jumatatu na Alhamisi, saa tatu asubuhi, Kalondu wa Ikutha alivua kitenge, akavaa ngozi na shanga, akafunika paneli ya sola kwa gunia, akaketi kwenye kigoda kusuka kikapu cha kyondo mbele ya wazungu. Kazi yenyewe haikuwa na jasho. Gedion, mwongoza watalii, alisema maneno mengi kwa Kiingereza, naye Kalondu akatabasamu na kutikisa kichwa kukubali. Saa sita ngozi ilirudi msumarini, yeye akaenda zake kuangalia mbuzi.

Basi siku moja bintiye, Katunge, akapiga simu. Katunge ni mpishi katika meli ya watalii, na hakuwa ametia mguu nyumbani kwa miaka minne. Kampuni ilikuwa imempa tikiti ya mzazi: siku nne majini, Mombasa hadi Zanzibar na kurudi.

"Na kabla ya meli kuna siku mbili za kutembea nchi kavu, Mum. Unaweza kuja na kikundi, mpelekwe na mtu wa kampuni, ama ujilete mwenyewe. Lakini sikiza. Kikundi kikichelewa, meli inangoja. Ukichelewa peke yako, inaenda, na mimi niko ndani."

Kalondu alitaka kumwona mwanawe kuliko kitu kingine chochote, na Mombasa aliiogopa vibaya sana. Wifi yake Kanini, ambaye mbali kabisa alikowahi kufika ni Mutomo, tena kung'olewa jino, alimpa ushauri wa bure.

"Enda na kikundi. Wewe ukipotea Mombasa, tutakutafuta na nini? Spika ya kanisa?"

Kalondu akachagua kikundi.

Alhamisi akapanda basi la kampuni pale Kibwezi, kofia mpya kichwani, miwani ya jua puani. Na mbele amesimama nani? Gedion, na kibendera chake. Gedion alipomtambua alimsogelea sikioni.

"Mama Katunge," akanong'ona, "tafadhali. Kituo cha kwanza ni kwenu. Usiniharibie kazi."

Basi likashika barabara ya Ikutha, likamrudisha Kalondu kule kule alikotoka alfajiri.

Kigodani alikuwa Kanini, ameshika zamu yake, ngozi imembana, kyondo anakisuka ovyo. Alipomwona wifi yake na miwani katikati ya wazungu, alijifanya anakohoa. Gedion akaanza Kiingereza chake. Kalondu alikuwa amesimama karibu na Timiro, mwenye duka kutoka Garissa aliyekuwa akienda kupanda meli hiyo hiyo. Akamwuliza, "Huyu anasemaje?"

"Anasema huyu mama hajatoka hapa tangu azaliwe," Timiro akamtafsiria. "Bahari haijui hata kwa picha. Ukimwacha barabarani bila kumshika mkono, atalia kama mtoto."

Mzungu mmoja akatoa leso, akajifuta macho. Kalondu aliona aibu hadi masikio yakawaka, kisha aibu ikageuka hasira. Miaka mitatu! Miaka mitatu ametikisa kichwa kuukubali upuzi huu! Na kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameuamini. Si ndiyo maana alikuwa ndani ya basi?

Akaenda kwenye buti, akavuta mfuko wake.

"Mama Katunge, ukibaki hapa meli haikungoji!" Gedion akalia.

"Sawa. Nitaingoja mimi."

Jioni hiyo akaomba lifti kwenye lori la mbuzi, na asubuhi ya Ijumaa akashuka Mombasa. Husemwa kwamba raha ya kujitembeza mwenyewe ni kuona unachotaka. Kalondu hakuona kitu. Aliuliza bandari iko wapi, akakalia benchi mkabala na geti, akala mahamri kumi na mawili, na hakubanduka ila kwenda choo na kulala kwa mama aliyemuuzia hayo mahamri. Aliogopa kila dakika. Aliona akipepesa macho tu, meli itaenda na Katunge wake.

Jumamosi alasiri Gedion alikileta kikundi, akakiaga getini, akabaki nje na kibendera chake kama kawaida yake. Kalondu akampita na tikiti mkononi. Juu ya ngazi Katunge alimkumbatia hadi kofia ikaanguka.

"Mum, unanuka mbuzi," alisema, na hakumwachilia.

Wiki mbili baadaye Kalondu alikuwa amerudi kigodani, amevaa ngozi yake. Wageni wapya, Gedion yule yule, Kiingereza kile kile. Gedion alipofika kwenye maneno yake ya bahari, Kalondu aliingiza mkono katikati ya shanga, akatoa kadi ya chumba chake cha melini, aliyoitungia uzi wa katani, akaiinua juu. Kisha, kwa Kiingereza alichofundishwa na Katunge siku nne nzima, akasema polepole:

"Meli mimi nimepanda. Muulizeni huyu. Yeye huishia getini."

Wageni wote wakamgeukia Gedion.