Shokapu Nilizozikaza Gari Likiwa Tupu

Nakumbuka siku moja, mwanangu. Hebu weka hiyo simu chini kwanza. Umeniuliza shokapu zipi za kurekebisha zinafaa gari lako la mbio, na mimi baba yako kichwa kinaniuma, maana hata leo sijazielewa.

Nilikuwa na gari dogo lenye kasi, hapa mtaani Isevya walilijua kwa mlio. Nikalifungia shokapu za namna hiyo: pete ya kupandisha na kushusha gari, kitufe cha kukaza na kulegeza. Fundi wa kwanza akasema kaza mbele. Wa pili, aa, kaza nyuma! Wa tatu akasema shusha lote. Nikawasikiliza wote, nikazungusha huku na kule hadi nikasahau nilianzia wapi. Lakini likiwa tupu lilikata kona vizuri ajabu, nikavimba kichwa.

Nikaenda nalo Choma, kijijini kwao, kumchukua mama yako, mimba ya miezi minane, aje kujifungulia mjini. Wakwe wakaleta gunia la mchele, gunia la michembe, viazi vile vilivyokaushwa, na kuku wawili. Zawadi za ukweni utakataaje? Nikapakia.

Weee! Kila shimo gari lilijigonga chini, kisha likaturusha. Nikasimama, nikazungusha pete. Likazidi. Nikazungusha tena, sijui nakaza, sijui nalegeza. Mama yako akashika tumbo. "Mwenzangu, nishushe. Naumwa."

Niliogopa, mwanangu. Alifika hospitali kwa pikapu kuukuu ya msamaria, mimi nawafuata nyuma na gari langu, nalia na kuku wangu.

Kesho yake, mama yako akiwa ametulia, nikaenda mtaa wa Ng'ambo kwa fundi mmoja mzee. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Ulipozikaza, ndani alikuwemo nani?"

"Mimi peke yangu, mzee."

"Alama ya ulipoanzia?"

Sikuweka.

"Marahaba. Sasa kaa hapo."

Basi usiniulize zipi bora. Jiulize atapanda nani, utapita wapi, na ukweni watakupakia nini. Shika fundi mmoja. Kabla hujagusa pete, weka alama ya rangi. Na mkeo akisema anaumia, legeza, usibishane naye.

Mungu akufikishe salama, wewe na utakaowabeba. Aliyekuwa tumboni siku ile ni wewe, na kila nikikuona unaingia mlangoni, bado namshukuru Mungu.