Ukurasa wa Kakakuona

Siku yangu ya kwanza kazini Mwalimu Mkuu alinionyesha kabati kabla ya darasa. Lilikuwa la mninga, lina kufuli, na ufunguo ameufunga kwenye mkanda wa suruali. Ndani mlikuwa na vitabu vya picha vya wanyama, vipya, bado vinanukia wino. "Kitabu ni mali ya shule," aliniambia, "mwanafunzi ni mpita njia." Nikacheka nikidhani ananitania, kumbe ndiyo sera.

Shule yenyewe ilikuwa pembezoni mwa mji wa Songea, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kwetu Majengo. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Majengo yalijaa sabuni za kila rangi na mitumba ya kuchagua mwenyewe, ila shuleni kipande cha chaki tulikigawana walimu wawili. Nilipewa Sayansi, darasa la tatu, watoto themanini na ushee. Kila jioni niliandika andalio la somo, yaani mpango wa kipindi cha kesho, hatua kwa hatua. Penye "zana za kufundishia" sote tuliandika "ubao na chaki" mpaka mkono ukazoea.

Mimi ni mbishi, marehemu mama alikuwa akilisema hilo mbele za watu. Nilimsumbua Mwalimu Mkuu mpaka akanitolea kitabu kimoja. Kimoja, watoto themanini! Nikakiinua niwaonyeshe twiga. Wa mbele wakaona, wa nyuma wakapanda juu ya madawati, wawili wakaanguka. Nilivumilia wiki moja. Ya pili nikachukua kisu, nikachomoa pini za katikati, kitabu kikaachana karatasi karatasi. Nikazibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya katani, ukuta hadi ukuta.

Ehe, hapo darasa likachangamka. Walipita kwa makundi, wakahesabu kwato, wakasoma maelezo chini ya picha: anakula nini, anazaa wangapi, analala wapi. Vitabu vya namna ile havina sungura mjanja wala fisi mlafi. Mnyama ni mnyama, na mtoto akimtazama vizuri anaanza kuuliza. Waliuliza mpaka nikaishiwa majibu. Basi Ijumaa nikagawa karatasi ziende nyumbani, kila moja ndani ya mfuko wa nailoni, wakawaulize wazee wao wanajua nini juu ya mnyama huyo. Jumatatu zirudi.

Zilirudi zote isipokuwa ya kakakuona. Aliyeichukua alikuwa Skola, mtoto mpole anayeishi na bibi yake, na aliniambia kwa sauti ndogo kwamba bibi amekataa.

Siku hiyohiyo Mwalimu Mkuu akachungulia dirishani, akaona wanyama wananing'inia kwenye kamba. Sitayarudia yote aliyosema. La mwisho ndilo lililonikata maini: "Mkaguzi anakuja Alhamisi kwa ajili yako. Akikuta kitabu pungufu, kuthibitishwa usahau." Kuthibitishwa ni hivi: mwalimu mpya alikuwa katika majaribio, na mkaguzi asiporidhika naye, anarudi kwao. Kwetu mimi ndiye niliyekuwa na mshahara, na wadogo zangu wanne walikuwa wanasoma. Niliogopa kweli.

Jumatano nikaenda kwa Bibi Ana, ndilo jina la bibi yake Skola. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa kigoda, nikainua macho. Karatasi ilikuwa ukutani juu ya kitanda chake, na chini yake ameweka kibakuli cha maji, unga kiganja kimoja na jembe. Wazee wetu ndivyo walivyomfanyia kakakuona. Kwa kuwa haonekani ovyo, akionekana anapokewa kama mgeni mkubwa, na kile anachokiendea ndicho kinachotabiri mwaka.

"Mwanangu," akasema, "huyu akishaingia nyumbani hafukuzwi."

Nikamwambia ni picha tu. Akanitazama kama mtu asiye na adabu. Nikamwambia habari za mkaguzi, na kwamba nitafukuzwa mimi badala ya kakakuona. Hapo akalegea kidogo. Akauliza yale maandishi ya chini yanasemaje. Nikamsomea: kakakuona hana meno, hula mchwa na sisimizi kwa ulimi mrefu, akitishwa hujikunja kama mpira, huzaa mtoto mmoja.

"Hana meno?" Akacheka mpaka nikaona fizi zake zote. "Kumbe ni mwenzangu! Soma tena."

Nilisoma mara sita, yeye anafuata kwa kidole. Mwishowe akasema karatasi hanipi, ila kesho atamleta mgeni wake mwenyewe.

Alhamisi Mkaguzi alifika na suti yake ya kaki, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikagua andalio langu, akatazama kamba, akaanza kuhesabu karatasi kwa kalamu. Mwalimu Mkuu alisimama nyuma yake akinitazama kwa uchungu kama aliyefiwa. Kabla hesabu haijafika mwisho, Bibi Ana akaingia amevaa khanga mpya, karatasi kaizungushia kitambaa cheupe. Mkaguzi akamwamkia, akampisha.

Bibi hakuniomba ruhusa. Akaifungua karatasi mbele ya darasa, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma maelezo yote bila kukosea neno. Akaongeza na ya kwake, jinsi babu yake alivyomwona kakakuona akiyaendea maji, na mvua ya mwaka ule ilivyokuwa. Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni.

"Bibi umesoma vizuri," akasema. "Hebu nisomee tena, uanzie hapa katikati."

Bibi Ana akapatazama pale katikati, akakitoa kidole. "Huko katikati sijafika, baba."

Darasa likaangua kicheko, na yeye akacheka nao. Mkaguzi hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Mwalimu, mfikishe."

Kisha akaamuru Bibi aondoke na karatasi yake. Katika taarifa aliandika kwamba kitabu kimoja kimepungua karatasi moja, na karatasi hiyo inatumika. Nikathibitishwa.

Baada ya hapo nilihamishwa sana. Nilifundisha Namasakata, ambako watoto walimjua tembo kuliko kitabu chochote kwa sababu alikuwa anawalia mahindi. Nilikaa upande wa Hanga, nikarudi mjini, nikastaafu hapa. Kila shule nilikuta kabati, na kila kabati nililigombania. Vijana mnaofundisha sasa mna picha za wanyama wote kwenye simu, na nawaonea wivu kidogo.

Ila lile agizo la Mkaguzi nililitimiza kwanza. Jumanne na Alhamisi, watoto wakishatawanyika, Bibi Ana alikaa dawati la mbele. Neno la kwanza alilolisoma peke yake lilikuwa kakakuona. La pili aliniomba mwenyewe, nikamwandikia ubaoni. Alilitazama muda mrefu. Akainuka, akaligusa herufi moja moja, vumbi la chaki likamkaa kidoleni.

"Ana," akasoma. "Kumbe mimi ni mfupi hivi."

Nililia siku ile, wala sioni haya kusema.