Bundi wa Ghala la Mbata

Mke wangu alipofika mahali pa kulala kitandani kutwa nzima, alichokiulizia zaidi katika shamba letu, nje kidogo ya Bagamoyo, ni bundi mdogo aliyeishi kwenye ghala la mbata. Miaka yote yeye ndiye aliyezigeuza nazi zinazokauka humo, na yeye na ndege yule walizoeana. Sasa hakuweza kufika hata barazani. Basi kila nikimaliza sala ya alasiri nilikwenda na simu, nikasimama mlangoni hadi macho yazoee kiza, nikampiga picha juu ya boriti, ndege si mkubwa kuliko ngumi yangu, nikampelekea mgonjwa.

"Leo umemkata kichwa," alicheka. "Kama ulivyonikata mimi kwenye picha ya Idi."

Dada yake, aliyekuja kumuuguza, hakucheka. Bundi akilia jioni, alitupa chumvi kwenye makaa, kama mama zetu walivyofanya, ili sauti ile ya msiba inyamaze.

"Shemeji, ndege yule anamwita mdogo wangu, nawe unamletea mpaka kitandani!"

Nilimwambia siku ya mtu anaijua Mwenyezi Mungu peke yake. Akaongeza chumvi.

Ijumaa moja nilirudi msikitini nikakuta ghala limefukizwa pilipili, na uwazi wa chini ya paa umezibwa kwa bati. Boriti ilikuwa tupu.

Mke wangu alinyoosha mkono aipokee simu. Nikamweleza yaliyotokea. Machozi yakamtoka, kisha akasema, "Usimgombeze dada. Anataka nibaki."

Nililing'oa lile bati. Alasiri baada ya alasiri nilisimama mlangoni, na ndege hakurudi. Mke wangu aliendelea kuuliza, hadi akafika pa kutouliza tena. Mola alimchukua kabla ya mvua za masika. Alhamdulillahi kwa miaka aliyoniazima, ingawa moyo bado unaona michache.

Matanga yalipoondolewa, shemeji alikuja kukaa karibu yangu, akaomba aonyeshwe picha za bundi. Siku zote alikuwa akimsikia tu, hakuwahi kumtazama. Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Kumbe kenyewe kadogo hivi," alisema, akaanza kulia.

Nikainuka kumletea maji.