Mafuta ya Chupa ya Potasiamu

Usiku ule gharama yote iliwekwa mbele yangu, na mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili sikupata pa kuombea punguzo: nusu chupa ya mafuta ya taa, na jicho la kulia la Mwalimu Luhende.

Nilikuwa bandani kwangu napima shaba chakavu. Niligeuka tu, nikamkuta kando ya mizani, amevaa lile koti jeupe lililotobolewa na tindikali mfukoni. Tulikuwa tumemzika mwezi uliopita. Udongo nilitupia mwenyewe, makoleo mawili. Lakini macho yake yote mawili yalikuwepo, na lile la kulia ndilo lililonitazama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Potasiamu."

Na hapo banda halipo tena. Tuko kidato cha tatu. Tulikuwa wanafunzi ishirini, naye alitukalisha kama jedwali la elementi, kila mmoja na jina lake, haidrojeni hadi kalsiamu. Ukutani kulia walikaa Heliamu, Neoni na Agoni, watu wasiogombana, wasiokopa, wasiokopesha. Kushoto tulishuka sisi wakorofi: Lithiamu, nyuma yake Sodiamu, nyuma yake mimi, mgongo wangu kwenye mlango wa stoo ya maabara.

"Kadiri mnavyoshuka," anasema, na chaki inaandika bila mkono wake kusogea, "ile elektroni ya nje inakaa mbali zaidi na kiini. Haishikwi vizuri, inatoka upesi. Ndiyo maana wa nyuma ni mkali kuliko wa mbele."

Anainua chupa tatu. Vipande vya metali vimelala ndani ya mafuta ya taa, visiguswe na hewa wala maji. Nilimwelewa. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Swali lilipokuja kwenye jaribio, nililipata lote.

Mlango wa stoo ukafunguka, na ndani yake ni bweni. Jenereta imekufa, mitihani imekaribia, koroboi zimekauka. Mimi nauza mafuta kwa kifuniko cha soda: vifuniko vinne kwa kijiko cha sukari.

"We Potasiamu, kifuniko chako kimebonyea!" Sodiamu analalamika. "Unatuibia!"

"Kimebonyea kwenda nje, ndugu yangu. Hiyo ni faida yako."

"Na haya mafuta umeyatoa wapi?"

"Unanunua mafuta au unanunua historia?"

Bweni zima linacheka. Hata mimi nacheka, ndotoni, na sukari inanijaa kinywani.

Niliyatoa kwenye chupa ya jina langu. Nilipima, nikapima tena: nikaviacha vile vipande vimezama nusu, nikaona nusu inatosha, nitarudishia kabla ya kufunga shule. Sikurudishia. Likizo nzima ile nusu ya juu ilikula hewa, ikavaa ganda la manjano, lile linaloweza kulipuka likikatwa kwa kisu.

Sasa mwalimu ameshika kisu. Amekitoa kipande chupani, amekiweka kwenye kigae, anataka kutukatia kidogo tuone kinavyowaka majini. Nataka kusema, mwalimu, acha. Sukari haimezeki. Nasikia ule mlio, mfupi, kama mtu amefunga mlango kwa hasira.

Mkuu wa shule amesimama mbele yetu anauliza nani aligusa chupa. Mwalimu, kitambaa usoni, anasema kile kile alichosema siku ile:

"Ni mimi. Sikukagua."

Viti ishirini. Nilivihesabu mara mbili, nikitafuta kama kuna mwingine wa kusimama.

Walimtoa maabara, wakampa ufunguo wa stoo ya majembe. Chaki hakuishika tena.

Tumebaki wawili. Ananisogezea chupa. Natoa kifuniko changu, namimina: kimoja, viwili, kumi, ishirini. Mafuta hayapandi.

"Na msibani kwangu," ananiuliza taratibu, "ulisema nini?"

Namimina. Yeye anasubiri, kama alivyokuwa akisubiri jibu darasani.

"Nilisema hata fundi hodari huwa anaghafilika."

"Na mke wangu, Mama Neema?"

"Aliitikia kwa kichwa, mwalimu. Alikubali."

Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. Sikuona hasira usoni mwake, laiti ningeiona.

"Mama Neema anasoma madaftari yangu kila siku, anatafuta nilipokosea. Mwambie huo ukurasa haumo."

Nikaamka. Nyumba ina umeme, mafuta ya taa sijayanunua miaka mingi, lakini vidole vilinuka mafuta. Nilivinusa, nikavinusa tena.

Tangu siku hiyo nimefika kwa Mama Neema mara mbili. Ya kwanza niliishia kwenye uzio. Ya pili nilipiga hodi, akanikaribisha, akanipa chai, akaniwekea sukari yeye mwenyewe, vijiko viwili, akisema marehemu alikuwa akinisifu. Daftari lilikuwa wazi mezani. Nikanywa, nikashukuru, nikaaga.

Kesho nakwenda tena. Ninyi mliowahi kubeba kitu kama hiki, nishaurini. Hodi ninaijua, shikamoo ninaijua. Naomba sentensi ile inayofuata.