Mwewe Waliozaliwa na Moshi

Juzi, tukitokea Ntobeye, niliona kilima kinafuka moshi, nikamwomba dereva wa bodaboda asimame. Nilitaka kuwaona mwewe wakizaliwa.

Utotoni niliamini mwewe huzaliwa na moshi. Alasiri moja baba alikuwa akichoma nyasi za malisho, ili mvua zikija ng'ombe wapate majani mabichi. Mbingu ilikuwa tupu. Moto uliposhika na kuanza kutatarika, harufu ya panzi walioungua ikatujaa puani, na mara mwewe wakachomoza moshini, wengi ajabu, wakidaka panzi juu ya vichwa vyetu. Mimi na kaka yangu tuliruka kwa furaha.

"Baba, ongeza moto, wazaliwe wengine!"

Baba alicheka mpaka akaangusha tawi lake la kuzimia moto.

Sasa najua walikuwa wakifuata panzi tu. Najua pia kwamba nyama ya sumu tunayowategea fisi, mwewe nao huila na kufa.

"Mama, unasubiri nini?" dereva aliniuliza.

Nilikaza macho kilimani. Moshi ulipanda, ukatawanyika, mbingu ikabaki tupu. Kisha akatokea mwewe mmoja, mmoja tu, nami nikajikuta napiga kelele kilima kizima kisikie: "Ongezeni moto!"