Finkubala Ndani ya Maji Safi

Florentine Mushiya, muuza viwavi wa kuliwa katika soko la Dilala, hakuumbiwa kuficha neno. Siku Jeanne alipompigia simu, haikufika saa sita soko zima lilikuwa limejua: finkubala, viwavi wale wale waliomkuza utotoni, wamerudi katika kipori cha nyuma ya Musonoi. Walikuwa wametoweka tangu mashimo ya shaba yalipoisogelea miti, na siku hizi aliuza wa kutoka mbali, njia ya Sandoa.

Jeanne, binti aliyesomea wadudu, alikuwa amempa kibarua kwa kuwa alikijua kipori kile. Kazi yenyewe ilikuwa kunyunyizia majani maji na kuyakinga kwenye chupa. Mdudu akipita juu ya jani huacha chembe za mwili wake, na ndani yake mna ADN, yaani DNA, inayotaja ukoo wake, hata kama mwenyewe hukumwona. Kila asubuhi Florentine alipanga kwanza biashara, akajaza masinia kwa viganja vyake, ndipo akapanda pikipiki kwenda porini.

Jumamosi Jeanne alikuja sokoni, uso umemshuka.

“Mama, kuko chupa moya tulitia maji safi tu, haikugusa jani. Ni ya kuhakikisha kazi. Nayo iko na finkubala.”

“Maji safi itazaa finkubala namna gani?”

Jeanne alitazama mikono ya Florentine, iliyozama ndani ya sinia hadi vifundoni. Florentine naye akaitazama.

“Yesu wangu! Mi njo nilibapeleka, na mikono hii?”

Jeanne alishindwa kujizuia, akacheka, ingawa kosa lilikuwa lake pia, maana hakumpa glavu. Florentine hakucheka. Alikuwa ameshawaambia watu.

Walirudia kazi yote, safari hii Florentine akivaa glavu tangu nyumbani. Majibu yakaja na nyuki, sisimizi, vipepeo wa aina ambazo Jeanne hakuzitarajia, naye akafurahi, kupita kiasi ukiniuliza mimi.

“Na finkubala?”

“Hata moya, mama.”

Florentine alilia palepale sokoni, mbele ya wateja, bila haya. Kumkosa mtu wako miaka mingi ni jambo moja. Kuambiwa amerudi, ukafagia nyumba, kumbe si yeye, ni jambo jingine. Wanawake wa soko, aliodhani wangemcheka, walimfungia biashara wakamsindikiza nyumbani.

Mvua zilipokolea alimwagiza shemeji yake Beya, dereva wa lori, amletee finkubala walio hai, ndani ya ndoo pamoja na majani. Nusu walikufa njiani. Waliobaki aliwapandisha mmoja mmoja juu ya mutondo, mti waupendao, kule kiporini, akakaa chini akingoja. Walipoanza kula, alimpigia Jeanne.

“Kuja kupima,” alisema. “Lakini ujue, hata sasa njo mikono yangu ilibapeleka.”